Muulize Fundi wa Sola Daraja Lake Kabla Hajapanda Juu ya Paa

Katika Barabara ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi, paneli za umeme wa jua huegemezwa kwenye kuta za maduka mithili ya milango inayosubiri seremala. Mteja huingia na pesa zake, akatoka na paneli, betri, inverta na risiti, na kabla hajafika kwenye kituo cha matatu za kwenda Kawangware au Kangemi huwa amekwisha kupewa nambari ya simu ya fundi. "Huyu ni kijana wetu," muuzaji humwambia, "atakufungia leo leo." Biashara hiyo ni halali, na wengi wa wanaoifanya ni watu waaminifu. Lakini katika vyote alivyovibeba mteja yule, kimoja hakimo, nacho ni idhini ya yule kijana kuifanya kazi yenyewe.

Jambo hili limekuwa kubwa kwa jamaa zetu wanaokaa upande wa magharibi wa jiji, kuanzia Kileleshwa na Lavington hadi Riruta, Dagoretti na Uthiru. Bei ya umeme ilipandishwa Aprili 2023, na miezi minne baadaye, usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti, karibu nchi nzima ikaingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kabla ya mwaka ule kwisha giza lilirudi tena Novemba na tena Desemba. Aliyekuwa na betri nyumbani usiku wa namna hiyo alionekana mwenye busara kuliko majirani zake wote, na majirani wakaanza kuuliza bei. Haja ilipopanda kwa haraka hivyo, watu waliojiita mafundi wa sola nao waliongezeka kwa haraka ile ile.

Sheria ipo, na si ngeni. Mwaka 2012, chini ya Sheria ya Nishati ya 2006, Kenya ilitoa kanuni mahususi za mifumo ya umeme wa jua. Kanuni hizo zilimkataza mtu yeyote kuunda, kuingiza nchini, kuuza, kusanifu au kufunga mfumo wa sola bila leseni. Wakati ule msimamizi alikuwa Tume ya Kudhibiti Nishati. Sheria mpya ya Nishati ya 2019 ikaigeuza tume ile kuwa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la EPRA kwa sababu ya tangazo lake la bei ya petroli kila tarehe 14 ya mwezi. Ofisi zake ziko Upper Hill, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Ni mamlaka hiyo hiyo inayompa fundi wa sola leseni yake.

Kuna leseni ya biashara, yaani ya mwenye kuingiza, kuuza au kuchukua kandarasi ya kazi, na kuna leseni ya fundi, ambayo ni ya mtu binafsi na hubeba jina lake. Hizi mbili huchanganywa sana. Duka laweza kuwa na cheti chake kimetundikwa ukutani katika fremu nzuri, ilhali kijana anayetumwa Riruta hana chochote mfukoni ila bisibisi. Kampuni inayopewa idhini ya kufunga hutakiwa iwe na fundi wa daraja linalolingana na kazi. Haitoshi kwamba mwenye kampuni ni mtu mashuhuri.

Leseni za mafundi zimegawanywa katika madaraja matatu, na hapa namwomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa tarakimu hizi ndizo kiini cha makala. Daraja la T1 humruhusu fundi kufunga mfumo mdogo wa paneli moja na betri moja, usiozidi wati 100. Daraja la T2 ni la mfumo wa wastani, wenye paneli kadhaa zisizozidi wati 300 kwa jumla au betri zaidi ya moja, na waweza kuwa na inverta. Daraja la T3 ni la mifumo mikubwa, pamoja na ile iliyounganishwa na umeme wa taifa na ile ya mseto, inayotumia jua, betri na stima ya Kenya Power kwa pamoja.

Sasa rudi Luthuli ukaitazame paneli iliyoegemezwa ukutani. Kibandiko kilicho mgongoni mwake aghalabu kitasema wati 450, au 550, au zaidi. Paneli moja tu, kabla hujaongeza ya pili, imekwisha kuupita mpaka wa T2. Kanuni ziliandikwa wakati ambapo nyumba nyingi zenye sola nchini zilikuwa na kipaneli cha kuwashia taa tatu na runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe. Leo familia ya kawaida ya Lavington, na hata ya Kinoo, hufunga paneli sita au nane pamoja na inverta ya mseto, na kazi hiyo yote ni ya T3. Kwa hiyo swali tulilozoea kuuliza, "Una leseni?", halitoshi. Fundi wa T1 atajibu "Ndiyo" na hatakuwa amesema uongo. Swali linalomlinda mwenye nyumba ni hili: leseni yako ni ya daraja gani, na kazi hii ni ya daraja gani?

Wapo pia wanaoleta leseni ya fundi wa umeme wa kawaida, ile inayotolewa kwa madaraja yake mengine kuanzia A1 hadi C2. Ni leseni ya heshima, na aliye nayo ameonyesha kwamba anajua kutandaza nyaya za nyumba. Hata hivyo haichukui nafasi ya leseni ya sola, na sababu yake si urasimu.

Umeme wa Kenya Power ni mkondo geu. Hugeuka mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde, na kila unapogeuka hupita kwenye sifuri. Cheche ikiruka kati ya nyaya mbili, ule upitaji wa sifuri huisaidia kuzimika. Umeme unaotoka katika paneli ni mkondo mnyoofu, haupiti kwenye sifuri kamwe, na cheche yake ikishika huendelea kuwaka kama mwali wa kuchomelea vyuma hadi kitu kiishe, ama waya ama boriti. Paneli nane za wati 550 zikiungwa mfululizo hutoa takriban volti 400. Tena hazina swichi ya kuzimwa: maadamu jua linawaka, paneli inazalisha. Kiungo cha waya ambacho hakikubanwa sawasawa, au viungo vya watengenezaji wawili tofauti vilivyolazimishwa kuingiana kwa sababu vinafanana, huanza kupata joto polepole. Huenda ukapita mwaka mzima kabla moshi haujaonekana, na kufikia wakati huo yule kijana amekwisha kubadilisha laini ya simu.

Hatari ya pili humfika mtu ambaye hata hayumo nyumbani mwako. Stima ya mtaa inapokatika, inverta iliyounganishwa na laini ya Kenya Power yapaswa kujitenga nayo papo hapo. Ikiungwa vibaya, umeme wa paa lako hutoka nje kupitia mita na kupanda hadi kwenye nguzo, ambako fundi wa kampuni amepanda akiamini kwamba waya umekufa. Mtu huyo ana mke na watoto kama wewe. Mafunzo ya T3 hushughulikia jambo hili hasa, na ndiyo maana kuunganisha na umeme wa taifa kumewekwa katika daraja la juu.

Kisha kuna paa lenyewe. Paneli ya wati 550 ina uzito wa karibu kilo 28 na ukubwa unaozidi mita mraba mbili na nusu. Nane ni zaidi ya kilo 220, bila kuhesabu vyuma vinavyozishika. Nyumba nyingi za Kawangware na Kangemi zina mabati yaliyopigiliwa juu ya mbao ambazo hazikukusudiwa kubeba uzito huo, achilia mbali nguvu ya upepo unaoingia chini ya paneli na kuinyanyua kama tanga. Kila skrubu inayotoboa bati ni tundu la mvua ya Aprili. Fundi aliyefunzwa hutafuta boriti kwanza, akapima, akatia mpira wa kuzuia maji, na pengine akakwambia bila haya kwamba paa lako liimarishwe kwanza. Anayekubali kila kitu tangu dakika ya kwanza ndiye wa kutiliwa shaka.

Jingine ambalo wengi wetu tuliokulia Pwani hatulitarajii ni baridi ya Nairobi. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulifunika jiji siku kadhaa mfululizo, na upande wa magharibi, ulio juu zaidi kuelekea Limuru, hupata sehemu yake kamili. Mfumo uliokadiriwa kwa jua la Januari utafanya kazi vizuri sana Januari. Ikifika Julai, siku ya mawingu mazito, hautafikisha hata nusu ya ulichoahidiwa, betri zitalala na njaa, na betri ya risasi inayolala na njaa kila siku hufa upesi. Ukiongeza juu ya hayo ile shawa ya umeme ya bafuni, ambayo peke yake huvuta kilowati nne au tano, utaelewa kwa nini inverta ya kilowati tatu huzima kila alfajiri mtu anapotaka maji moto. Hesabu hiyo yote yapaswa kufanywa kwa kalamu na karatasi kabla ya kununua. Kwa desturi ya Luthuli hufanywa baada ya kununua, ama haifanywi kabisa.

Wenye kumbukumbu ndefu watasema kwamba sola ilikuwepo Kenya zamani kabla ya leseni, na ni kweli. Mnamo 1984 Mmarekani mmoja, Harold Burris, mhandisi aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, alisaidiana na mwalimu kijana, Mark Hankins, kufunga umeme wa jua katika Shule ya Sekondari ya Karamugi huko Meru. Burris aliwafunza vijana wa mashambani kazi hiyo, na wao wakaieneza katika nyumba za wakulima wa kahawa na majani chai. Hapakuwa na mamlaka wala mtihani. Kulikuwa na mwalimu, na kila fundi alijulikana kijijini kwa jina la baba yake. Akiharibu kazi, habari ilifika sokoni kabla yake.

Soko lilipokua, kinga hiyo ya kujuana ikapotea. Katika miaka ya 1990 paneli ndogo za wati kumi na kitu ziliuzwa juu ya kaunta pamoja na betri za magari na runinga, nchi nzima. Wanunuzi hawakuwa na njia ya kujua iliyo nzima na iliyo bovu. Watafiti Arne Jacobson na Daniel Kammen wa Marekani, pamoja na wenzao wa hapa, walizipima na kukuta kwamba baadhi ya chapa zilizouzwa kwa wingi zilitoa umeme pungufu sana kuliko ulioandikwa kwenye kibandiko. Aliyeumia hakuwa yule mwenye paneli mbovu tu. Muuzaji wa paneli nzuri naye aliathirika, kwa kuwa watu walianza kusema kwamba sola ni utapeli. Mwaka 2002 wafanyabiashara wenyewe waliunda chama chao, KEREA, na miaka kumi baadaye zikaja kanuni. Nayasema haya kwa sababu tumezoea kuiona leseni kama mkono wa serikali unaotaka pesa. Katika kisa hiki waliopata hasara kwa kukosekana kwa leseni walikuwa pia mafundi wema.

Hata hivyo wapo wanaolalamika, na malalamiko yao yastahili kusikilizwa. Kuna mafundi wengi katika magereji na vibanda vya Kangemi na kandokando ya Barabara ya Naivasha ambao wamefunga sola kwa miaka kumi au zaidi. Walijifunza kwa kumshikia mkubwa wao ngazi. Mikono yao ni sahihi, lakini hawana cheti cha chuo, na leseni huombwa kwa vyeti: vya elimu, vya mafunzo ya sola na vya uzoefu. Ada ya mafunzo, siku zisizo na kipato na safari za kwenda kufanya mtihani ni mzigo kwa mwenye familia. Kumwambia mtu kama huyo kwamba yeye na tapeli aliyeanza juzi wako sawa mbele ya sheria ni jambo chungu.

Njia zipo, ingawa si fupi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ambayo kwa muda mrefu imewapima mafundi wa kila namna kwa mitihani ya ufundi, huwapima pia wa sola. Chuo Kikuu cha Strathmore, mtaani Madaraka, kina kituo cha utafiti wa nishati kinachofundisha madaraja yote matatu. Chuo hicho hakifundishi kwa ubao peke yake, kwani tangu 2014 kina mfumo wa kilowati 600 juu ya mapaa yake, na mwanafunzi huona kwa macho kile anachosomeshwa. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja nacho kimekuwa kikiwafunza mafundi. Serikali kwa upande wake imeanzisha utaratibu wa kumtambua na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazini bila kupita darasani. Kwa maoni yangu huo ndio mlango wa kuwapitishia watu wa vibanda, na mwenye uwezo katika ukoo anayetaka kumsaidia kijana wa shangazi yake asiye na kazi angefanya vyema kumlipia ada ya T2 kuliko kumpa mtaji wa kuuza simu.

Na kwa yule ambaye bado hajaipata leseni, sheria haimfungii riziki. Aweza kufanya kazi chini ya mwenye leseni anayesanifu, anayesimamia na anayetia saini. Hapo ndipo mwenye nyumba anapopaswa kuwa macho, kwani neno "chini ya" limekuwa kichaka cha kujifichia. Wapo wenye T3 wanaokodisha majina yao tu na hawajawahi kuliona paa lililotiwa saini zao.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji ukali. Tuseme fundi amefika mlangoni kwa mama mmoja wa Riruta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kabla hujashusha ngazi, nambie, leseni yako ni ya daraja gani?"

"Mimi ni wa T2, mama."

"Na mfumo huu tulioandikiana, inverta ya mseto na paneli sita?"

"Huo ni wa T3. Mkubwa wangu ndiye aliyeusanifu. Leo atakuja kukagua kabla hatujaunganisha na stima."

"Basi nipe jina lake kamili na nambari ya leseni yake nimwandike. Mkimaliza mtanikuta hapa hapa na chai."

Fundi aliye sawa hakasiriki kwa maswali hayo. Jina na nambari akishavipata, mama yule, au mwanawe aliye na simu, huvitafuta katika orodha ya waliopewa leseni ambayo EPRA huiweka kwenye mtandao. Aangalie mambo matatu: jina lifanane na kitambulisho, daraja liwe lile lililotajwa, na tarehe ya mwisho iwe haijapita. Leseni huisha muda wake, na picha ya cheti katika simu haionyeshi kama kilihuishwa.

Wanaokaa katika magorofa ya Kileleshwa na Westlands wana jambo la ziada. Paa la jengo si la mwenye nyumba ya juu, hata kama mvua ikivuja ni yeye anayelowa kwanza. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, sehemu zisizo za mtu mmoja husimamiwa na shirika la wenye nyumba wote. Fundi mwenye T3 safi asiyeuliza idhini ya shirika hilo anakutia katika ugomvi wa majirani utakaodumu kuliko betri. Mpangaji naye aanze kwa barua kwa mwenye nyumba, na ndani yake aandike wazi ni nani atakayezing'oa paneli siku ya kuhama na atakayeziba matundu.

Kamati za misikiti na madrasa zina sababu kubwa zaidi ya kuwa makini. Fedha wanazozitumia si zao, na chini ya paa lile kuna watoto asubuhi na safu zilizojaa siku ya Ijumaa. Ni desturi yetu kwamba muumini mmoja hujitolea: "Mwanangu ni fundi, atafunga bila malipo." Moyo huo ni wa kupokewa kwa shukrani, kisha kijana aulizwe daraja lake mbele ya kamati kama angeulizwa mgeni. Michoro, risiti, dhamana na nakala ya leseni viwekwe katika faili la msikiti wala visibaki katika simu ya katibu, kwani makatibu hubadilika na paneli nzuri hukaa paani zaidi ya miaka 20.

Swali jipya linaloulizwa sasa ni la kuiuzia Kenya Power umeme unaobaki. Kanuni za 2024 zimeruhusu mwenye sola isiyozidi megawati moja kupeleka ziada yake kwenye umeme wa taifa. Halipwi pesa taslimu. Kwa kila uniti mbili anazotoa huhesabiwa moja, ikapunguzwa katika matumizi yake. Si faida ya kumtajirisha mtu, lakini kwa familia ambayo nyumba ni tupu mchana kutwa ni afadhali kuliko jua lipotee bure. Sharti lake ni kuomba kwanza, mfumo ukubaliwe, na mita ya kuhesabu pande mbili iwekwe. Anayeunganisha kimya kimya kwa mkono wa fundi wa mtaani aweza kushangaa tokeni zake zikiisha haraka kuliko zamani, kwa sababu baadhi ya mita za kawaida huhesabu umeme unaotoka kana kwamba unaingia.

Mwisho ni kwa wale wanaonunua vifaa Nairobi na kuvipeleka nyumbani, Lamu, Malindi au Vanga. Bei za Luthuli huvutia, na basi la usiku hubeba kila kitu. Lakini vyuma vya kushikilia paneli vinavyofaa Uthiru haviwezi kuvumilia upepo wa chumvi. Boliti za chuma cha kawaida hula kutu katika misimu michache, na mahali ambapo chuma na alumini hugusana penye unyevu wa bahari huoza kwanza. Dai boliti za chuma kisichoshika kutu, na betri isiwekwe katika chumba chenye joto kisichopitisha hewa. Na fundi atakayevifunga huko apatikane kabla basi halijaondoka, kwa jina, nambari na daraja, kwa kuwa yule kijana wa Luthuli aliyeahidi kufunga leo leo hatapanda basi kwenda Lamu.